VM ya klaudi: skrini ya kulogini mara inatokea mara giza, nikiristati LightDM inarudi

nyaya_na_seva (ameuliza):

Wakuu habari za kazi. Naombeni msaada maana hii kitu inaninyima raha. Nina VM (mashine pepe) ya klaudi, Fedora, inawaka kwa UEFI (programu ya kuwashia mashine), nimeiwekea XFCE (eneokazi) na LightDM (inayoleta skrini ya kulogini) kwa sababu kuna programu moja haina namna ya kuitumia bila dirisha. Kuingia naingia kupitia konsoli ya VNC (inayoonyesha skrini ya VM kwa mbali) iliyo kwenye paneli ya mtoa huduma.

Sasa shida ni hii, VM ikiwaka mara skrini ya kulogini inakuja vizuri kabisa, mara inakuja nyeusi tu, haina hata kishale cha mausi, na ukisubiri haibadiliki, unaweza ukaiacha hadi kesho. SSH (njia ya kuingia kwa maandishi tu) inaingia bila shida muda wote, kwa hiyo mashine iko hai. Nikiingia kwa SSH nikapiga `systemctl restart lightdm` hapo hapo skrini inatokea. Ukiangalia `systemctl status lightdm` wakati wa giza inasema active (running), hakuna nyekundu hata moja, ndio maana sielewi nianzie wapi.

Kitu kingine nilichoona, VM ikiwashwa wakati mashine mwenyeji imeelemewa (kwenye `top` ile `st`, yaani muda ambao VM inaisubiri CPU ya mwenyeji, inapanda) giza linakuja mara nyingi zaidi. Nina VM nyingine nilizozitoa kwenye templeti hiyo hiyo na zote zina tabia hii. Nataka nijue kinachotokea, sio tu kuipoza.

---

bandari_22:

Hapo mkuu LightDM inawahi mno. Iwekee usingizi kidogo kabla haijaanza, `systemctl edit lightdm` halafu andika

```
[Service]
ExecStartPre=/bin/sleep 10
```

Ristati uone. Mimi nilimwekea mtu hivyo na analogini vizuri.

---

bi_kerneli:

Mkuu bandari_22 uko sahihi kwamba kuna vitu viwili vinakimbizana, ila sleep siikubali kwenye VM hata kidogo. Kwenye kompyuta ya mezani unajua diski ni ile ile na CPU ni yako peke yako, lakini kwenye klaudi unagawana na watu usiowajua, leo kifaa cha grafiki kinakuwa tayari ndani ya sekunde mbili, siku jirani yako anakamua CPU kinachukua kumi na tano, na sleep yako ya kumi inakuwa haina maana. Na siku kila kitu kiko haraka unamkalisha mtu sekunde kumi bure. Dawa ni LightDM isubiri *tukio*, isihesabu sekunde.

nyaya_na_seva, anza kuangalia haya mawili. Kwanza, kwenye `/etc/lightdm/lightdm.conf` chini ya `[LightDM]` kuna mstari `logind-check-graphical=`, uwe `true`. Maana yake LightDM haifungui skrini mpaka logind (huduma inayosimamia kulogini) iseme kiti, yaani seti ya skrini, kibodi na mausi, kina uwezo wa grafiki. Pili, giza likitokea, KABLA hujaristati chochote ingia kwa SSH ulete matokeo ya hizi:

```
loginctl show-seat seat0 -p CanGraphical
ls -l /dev/dri/
journalctl -b -k | grep -i drm
journalctl -b -u lightdm -o short-monotonic
```

Ile `short-monotonic` ni muhimu, inakupa sekunde tangu kerneli ianze badala ya saa ya ukutani, na kwenye VM saa ya ukutani inaweza kuruka katikati ya kuwaka ikakuvuruga mpangilio wote wa matukio.

---

nyaya_na_seva:

Asante sana bi_kerneli. Ile `logind-check-graphical` nimekuta iko true tayari, kwa hiyo sijagusa. Nimesubiri giza lije, likaja, nimechukua vitu kabla ya kuristati:

```
CanGraphical=yes
```

`/dev/dri/` ina kadi moja tu, `card1`. Hakuna `card0`. Na kwenye logi ya kerneli kuna mistari miwili iliyonishangaza, nakata sehemu inayohusika:

```
[    0.9…] [drm] Initialized simpledrm … on minor 0
[   11.4…] [drm] Initialized virtio_gpu … on minor 1
```

LightDM yenyewe imeanza kwenye sekunde ya tisa na kitu. Siku inapowaka vizuri ile virtio_gpu inatokea mapema, kabla ya LightDM. Sasa najiuliza, kama CanGraphical ni yes na LightDM imesubiri kama ilivyoambiwa, mbona bado giza?

---

bi_kerneli:

Umeleta kitu chenyewe, tulia nikueleze maana hapa ndipo watu wengi wanapotea.

Zamani VM ikiwaka ilikuwa haina kifaa chochote kwenye `/dev/dri` mpaka draiva halisi ya grafiki ipakiwe. LightDM au mwenzake GDM ikiwahi, X (programu inayochora madirisha kwenye skrini) inakuta hakuna kitu, inakufa na "no screens found" na unaona kosa wazi. Siku hizi kuna simpledrm. Hii ni draiva ndogo iliyo ndani ya kerneli yenyewe, inachukua ile picha ambayo UEFI imeshaiandaa na kuifanya ionekane kama kadi ya grafiki ya kawaida, ili skrini iwe na uhai tangu sekunde ya kwanza. Fedora imeingia huko tangu toleo la 36, mwaka 2022, ilipoacha zile draiva za zamani za fremubafa (kumbukumbu inayobeba picha ya skrini).

Kwa hiyo kwako mambo yanakwenda hivi. Sekunde haijatimia, simpledrm inajisajili kama `card0`. logind inaona kadi, inasema sawa, CanGraphical=yes. Haisemi uongo, kadi ipo kweli. LightDM inasubiri hiyo yes, inaipata mapema, inaanzisha X, X inafungua `card0` na kuchora skrini ya kulogini. Sekunde mbili baadaye udev (inayotambua vifaa na kupakia draiva zake) inamaliza kupakia virtio_gpu, na draiva halisi ikija kazi yake ya kwanza ni kumfukuza mpangaji wa muda: simpledrm inaondolewa, `card0` inafutika, inazaliwa `card1`. X bado imeshikilia kadi iliyokufa. Yenyewe inaendelea kuchora, haijui kwamba hakuna anayeangalia. Ndio maana status ni active, hakuna kosa, na skrini ni giza. Ukiristati LightDM, X mpya inafungua `card1` na maisha yanaendelea.

Ndio maana pia ushauri unaozunguka sana wa kuifanya LightDM isubiri `dev-dri-card0.device` kwako usingefaa, card0 ndiyo ile ya muda! Ingeisubiri, ingeipata, na ungebaki pale pale.

Swali linalobaki ni kwa nini virtio_gpu inachelewa mpaka sekunde ya 11. Hiyo draiva inatakiwa iwe ndani ya initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa kwanza wakati wa kuwaka), ipakiwe kabla hata diski kuu haijafunguliwa. Nadhani kwako haimo. Piga hii:

```
lsinitrd | grep -i -E 'virtio.gpu|bochs'
```

Na uniambie, ile templeti ilitengenezwa kwenye mashine ya aina gani, ilikuwa na kadi gani ya grafiki?

---

nyaya_na_seva:

Duh. Imetoa mstari mmoja tu, wa `bochs`. virtio_gpu hamna kabisa.

Na templeti nilipewa imeshatengenezwa, nimeuliza aliyeitengeneza anasema aliijenga kwenye mashine pepe ya kwake yenye VGA ya kawaida ya QEMU, halafu diski ikapandishwa klaudi.

---

bi_kerneli:

Basi picha imekamilika. dracut kwa kawaida inatengeneza initramfs ya *mashine iliyopo*, inaangalia vifaa vilivyopo siku hiyo na kuweka draiva za hivyo tu, ili faili liwe dogo. Mashine ya kujengea ilikuwa na VGA ya QEMU, ikaweka bochs. Klaudi inakupa virtio, ambayo haimo, kwa hiyo kerneli inasubiri mpaka diski kuu ifunguliwe, udev ianze upya kupitia vifaa, ndipo draiva ipatikane. Na hapo tayari iko kwenye mbio na LightDM. CPU ikiwa huru virtio_gpu inashinda, CPU ikielemewa LightDM inashinda. Ile `st` uliyoiona ndiyo inayoamua.

Tengeneza faili `/etc/dracut.conf.d/grafiki.conf` uandike:

```
force_drivers+=" virtio_gpu "
```

Zile nafasi mbili ndani ya alama za kunukuu ziache kama zilivyo, zina kazi, bila hizo majina yanagandana na ya faili lingine. Nimetumia `force_drivers` na sio `add_drivers` makusudi, kwa sababu `add_drivers` inaiweka tu ndani, ila `force_drivers` inahakikisha pia inapakiwa mapema. Kisha:

```
dracut -f
lsinitrd | grep -i virtio.gpu
```

Ukiiona imo, riboti. Na ukishathibitisha, ifanyie templeti vile vile, sio VM moja moja.

Kwa wenzetu wa Debian, na Ubuntu zinazotumia initramfs-tools, njia ni nyingine kidogo, andika `virtio_gpu` kwenye mstari wake ndani ya `/etc/initramfs-tools/modules` halafu `update-initramfs -u`. Ila Debian kuna jambo la kuangalia kwanza: ile kerneli ya `linux-image-cloud-amd64` imepunguzwa draiva nyingi kusudi, piga `modinfo virtio_gpu`, ikikwambia moduli haipo usihangaike na initramfs, weka `linux-image-amd64` ya kawaida kwanza.

---

bandari_22:

Somo zuri hili, nimeelewa. Swali dogo, kwani mtu asiizime tu hiyo simpledrm? Nimeona mahali wanaweka `initcall_blacklist=simpledrm_platform_driver_init` kwenye mstari wa kerneli.

---

bi_kerneli:

Inafanya kazi, na kwa kupima tu kwamba tatizo ni hilo ni njia ya haraka. Ila mimi siiachi kwenye mashine ya kazi. Ukiizima, kuanzia kerneli inapoanza mpaka draiva halisi ifike konsoli yako ya VNC haionyeshi kitu. Siku draiva halisi ikigoma, au umekwama kwenye initramfs inakuuliza paswedi ya diski, hauoni chochote na VNC ndiyo mlango pekee uliobaki SSH ikiwa bado haijaamka. simpledrm haina kosa hapa, kosa ni draiva kuchelewa.

---

nyaya_na_seva:

Nimefanya. virtio_gpu sasa inajisajili kabla ya sekunde ya pili, bado inaitwa `card1` lakini LightDM inaikuta imeshakaa. Nimeiwasha na kuizima mara nyingi tu, nikaipiga na `stress-ng` kwenye VM ya jirani ili CPU ielemewe makusudi, skrini inakuja kila safari. Templeti pia nimeirekebisha. Asante sana bi_kerneli, Mungu akubariki.

---

msomaji_kimya:

Samahani kudandia uzi, yangu inafanana ila sio ile. Mimi skrini ya kulogini inakuja vizuri, naandika paswedi, inakubali, halafu inakaa tu. Mandhari ya nyuma inatokea ila paneli haiji, kama nusu dakika hivi, halafu ghafla kila kitu kinatokea kwa pamoja na baada ya hapo mashine ni nyepesi kabisa. XFCE pia, VM pia. Nimeongeza RAM na vCPU haijabadilika hata kidogo.

---

saa_na_dakika:

Hapa ngoja nijibu mimi maana hii ndiyo ninayokutana nayo kazini kila siku. Ukiona uchelewaji ambao *haubadiliki* hata ukiongeza CPU, hiyo mashine haifanyi kazi yoyote wakati huo. Inasubiri mtu asiyekuja, na kusubiri kuna kikomo kilichoandikwa mahali. Chukua saa upime vizuri, ile namba yenyewe inakuonyesha nani anasubiri.

Ukipata kama sekunde 25, huyo ni D-Bus (njia ambayo programu huongea zenyewe kwa zenyewe), ndio muda wake wa kawaida wa kumsubiri mtu ajibu simu. Sekunde 90 ni systemd (inayoanzisha huduma zote za mashine), inasubiri huduma au kifaa kianze. Dakika mbili kamili wakati wa kuwaka, mara nyingi ni ile huduma ya `wait-online` ya systemd-networkd, inasubiri kadi ya mtandao ambayo haijaunganishwa popote, unakuta VM ina kadi ya pili iliyoachwa tu. Sekunde 5, au 10, au mafungu ya tano tano, ni DNS, jina la mashine halimo kwenye `/etc/hosts` na seva ya DNS haijibu, hii inatokea sana ukikopi VM ukaibadilisha jina. Na kile kituo kidogo cha kama sekunde mbili ukikosea paswedi ni PAM (sehemu ya Linux inayohakiki paswedi) imewekwa hivyo kwa usalama, kiache.

Wewe umesema kama nusu dakika. Naweka dau ni 25. Ukishalogini piga:

```
journalctl -b | grep -i service_start_timeout
```

---

msomaji_kimya:

Imetoa hii:

```
Failed to activate service 'org.bluez': timed out (service_start_timeout=25000ms)
```

25000 kweli! Lakini org.bluez ni bluetooth si ndio? Kwenye VM ya klaudi bluetooth inatoka wapi?

---

saa_na_dakika:

Haipo, na ndio tatizo lenyewe. Ulipoweka XFCE kuna kifurushi kilikuja na blueman, kile kialama cha bluetooth cha kwenye paneli. Kinaanza na sesheni yako, kinauliza kupitia D-Bus "org.bluez upo?". D-Bus inamwambia systemd aianzishe huduma ya bluetooth. systemd inaangalia sharti la ile huduma, kwamba lazima `/sys/class/bluetooth` iwepo, haipo, kwa hiyo inairuka kimya kimya, na kwa systemd kuruka sharti sio kosa. D-Bus haipati jibu la ndiyo wala hapana, inakaa inasubiri mpaka 25 zitimie. Na kialama kikisimama, kwako paneli nzima inasimama nyuma yake.

Ondoa blueman kwenye hiyo VM, haina kazi hapo. Kama ni mashine ya watu wengi na hutaki kuondoa kifurushi, ingia kwenye orodha ya programu zinazoanza na sesheni uizime.

Na usiishie hapo, pitia vyote vilivyokuja na eneokazi: kisimamizi cha modemu, printa, kile cha kuangalia betri. Vimeandikwa kwa ajili ya laptop. Kwenye VM kila kimoja kinaweza kuwa mtu anayemsubiri mwingine asiyekuwepo.

---

msomaji_kimya:

Nimeondoa blueman, nikatoka nikaingia tena. Paneli imekuja papo hapo. Nilikuwa nimeshaanza kuomba VM kubwa zaidi, nashukuru sana.

---

mlinzi_wa_zamu:

Naongeza mawili kwa watakaofika hapa na dalili nyingine.

Kama una VM ya zamani yenye kerneli ya kabla ya 5.4, na skrini ya kulogini inachelewa dakika nzima au zaidi ila *ukitikisa mausi kwenye konsoli inaharakisha*, hiyo ni njaa ya entropia. VM haina diski ya kuzunguka wala vidole vya mtu, kerneli inakosa entropia, yaani mambo yasiyotabirika ya kutengenezea namba za nasibu, na programu zinazoomba namba za siri zinasimama kwenye foleni. Angalia `dmesg | grep crng`, ukiona "crng init done" imekuja sekunde nyingi baada ya kuwaka umeipata. Omba kifaa cha virtio-rng kwenye mipangilio ya VM, au pandisha kerneli, kuanzia 5.4 ya mwishoni mwa 2019 kerneli inajitafutia yenyewe.

Pili, wale mnaosimamisha VM na kuiamsha, au kurudi kwenye snapshoti (nakala ya hali ya VM ya wakati fulani). Ikiamka saa yake inadhani bado ni jana. Skrini ya kulogini inakuja vizuri lakini paswedi sahihi inakataliwa, hasa kama mnatumia Kerberos (mfumo wa kuhakiki watu kwa mtandao), ambayo kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5, au zile namba za siri za programu ya kwenye simu zinazobadilika kila sekunde 30. Watu wanabadilisha paswedi bure na shida ni saa. Wengi wana chrony (inayosahihisha saa kupitia mtandao) na wanadhani itarekebisha, lakini fungua konfigi yake, mara nyingi utakuta `makestep 1 3` au `makestep 1.0 3`, maana yake inaruhusiwa kuirusha saa kwenye masahihisho matatu ya kwanza tu baada ya kuanza. VM iliyoamka usingizini chrony yake ilianza zamani, hayo matatu yalishaisha, kwa hiyo itaivuta saa polepole mno na nyie mko mlangoni mnakataliwa. Kwenye VM zinazolazwa na kuamshwa weka `makestep 1 -1`, ristati chronyd, halafu `chronyc tracking` uone tofauti imebaki kiasi gani. Ukiwa umeshakwama na unahitaji kuingia sasa hivi, SSH kwa ufunguo bado itakupitisha, piga `chronyc makestep` na urudi kwenye skrini.

---

nyaya_na_seva:

Hiyo ya chrony naichukua, zangu tunazilaza kila jioni na kuna mtu alilalamika paswedi inakataliwa asubuhi. Nimeangalia, ni `makestep 1.0 3` kama ulivyosema. Naibadilisha kwenye templeti leo leo.